Kolabo za watu wawili za rokenroli ya kwanza kwanza, gani ndio kali?

mtoi_wa_Kaloleni:
Wasee habari za jioni. Mzee wangu anafikisha 80 Jumapili ya wiki kesho na hataki keki wala hema, amesema tu tukae kwa sebule tusikize miziki yake. Ana santuri zile ndogo za 45 kama arobaini hivi kwa boksi ya viatu, Jim Reeves amejaa humo (nani wa umri wake hapa Kenya hana Jim Reeves?) lakini zenye anashika kwa ncha za vidole ni za watu wawili wakiimba pamoja, za kutoka 1955 hadi kama 1963. Sasa shida ni mashine, niliipeleka kwa fundi fulani tauni abadilishe sindano ikarudi ikikwaruza kama kuku juu ya mabati, kwa hivyo itabidi nipakue nyimbo kwa simu nicheze na spika. Mimi najua Everly Brothers peke yao. Niongezeeni, na mseme mnapendea nini, si jina tu mnatupa mnaenda.

tena_wa_pili:
Ukishawataja Everly umemaliza bana. Nimeimba kwaya miaka mingi huku Makadara na mwalimu wetu alikuwa anatuwekea All I Have to Do Is Dream, ile ya 1958, si ati tuiimbe, ni tusikie watu wawili wakivuta pumzi pamoja. Don yuko chini, Phil yuko juu, na wanatua kwa neno saa ileile hakuna mwenye anavuta mwenzake. Jaribu kuimba sauti ya Phil pekee uone, inasimama kama wimbo mzima. Bye Bye Love na Wake Up Little Susie za 1957 waliandikiwa na mtu na bibi yake, Boudleaux na Felice Bryant. Na hao ndugu wenye unasikia wamepatana hivyo walikuja kukosana mpaka 1973 huko California Phil akavunja gita jukwaani akatoka, ikachukua miaka kumi ndio wakaimba tena pamoja, London.

Shosho_Ngara:
Mjukuu wangu, mpe mzee salamu zangu. Lakini wewe wa kwaya mimi hao siwahesabu. Ndugu wawili wakisema neno moja pamoja hiyo ni sauti moja tu imepasuka. Kuimba wawili ni kujibizana, mmoja anarusha, mwingine anarudisha, kama watu wa ngonjera. Tafuta Love Is Strange ya Mickey & Sylvia, ilirekodiwa 1956 ikavuma mwaka uliofuata. Mickey Baker alikuwa anamfundisha Sylvia gita. Gita linaanza peke yake, kali kidogo, halafu huko katikati wanaacha kuimba wanaongea tu, Mickey anamuuliza Sylvia humwitaje mpenzi wake, na huyo dada anajibu polepole hana haraka, mpenzi asipoitika anaongeza sukari, asipoitika tena anaongeza zaidi. Sisi wasichana tulikuwa tunaigiza hiyo sehemu tukifua nguo, mimi ndio nilikuwa Mickey kwa sababu sauti yangu ni nzito 😂

River_Road_upande_B:
Shosho heshima yako, umenifungulia mlango. Huyo Sylvia ndiye baadaye alianzisha Sugar Hill Records wakatoa Rapper's Delight 1979, yaani rap ya vijana wetu ina mkono wake. Na Mickey? Skiza It's Gonna Work Out Fine ya Ike na Tina Turner, 1961, yule mwanaume anaongea na Tina kila mtu anadhani ni Ike. Si Ike, ni Mickey Baker.

Sasa mtoi, usiache Shirley & Lee, Let the Good Times Roll, 1956, watoto wa New Orleans. Hao hata hawajaribu kuimba pamoja sana, wanapokezana tu, Lee ana sauti ya mtu ameshiba na Shirley anaingia na kasauti kembamba kana kwamba mtu amemkanyaga kidole, na hapo ndio utamu ulipo, ukimpa dada mwingine mwenye sauti laini huo wimbo unakufa. Huyo Shirley ndiye unamsikia kwa Shame, Shame, Shame miaka ya sabini, na mwandishi wa hiyo ni nani? Sylvia.

tena_wa_pili:
Hiyo ya Mickey sikuijua, sawa. Lakini Shosho, kujibizana mtu yeyote anaweza. Kubebana ndio kazi.

Shosho_Ngara:
Mtu yeyote? Haya, mwekee mzee Dinah Washington na Brook Benton, Baby (You've Got What It Takes), 1960. Kuna mahali mmoja anaingia kwa zamu ya mwenzake, wanachekeana na kuchokozana hapohapo wimbo ukiendelea, na hawakufuta, wakauza hivyo hivyo. Leteni kwaya ifanye hivyo.

River_Road_upande_B:
😂😂 Huyo tena_wa_pili amekalishwa. Mtoi, malizia na twisti za hapa nyumbani basi, John Nzenze na Daudi Kabaka, mzee ainuke.

mtoi_wa_Kaloleni:
Nimerudi na ripoti. Everly mzee alisikiza macho yamefungwa, nikadhani analala, kumbe anaimba polepole, ile sauti ya juu ya Phil (tena_wa_pili hiyo ni yako). Love Is Strange alicheka. Lakini ya Dinah ilipofika pale pa kukoseana akainua mkono akasema rudisha hapo. Nikarudisha. Rudisha tena. Mara ya tatu mathe akatoka jikoni na mwiko akamwambia hata wewe ulikuwa unaniingilia hivyo hivyo kwa dansi Kaloleni Social Hall, mzee akakataa kata kata, wakabishana hapo mpaka Kabaka akaanza hakuna mtu anamskiza.

Santuri ya huo wimbo iko kwa boksi, sikuwa najua, imeandikwa jina la mathe kwa kalamu. Kwa hivyo sasa nahitaji sindano ya ukweli. Mwenye anajua fundi mzuri anitumie inbox.