Baiskeli za changarawe karibu na miji ya kale: Ruvu, Pangani au Ruaha Mdogo?

Mwendambio
Wakuu, salaam. Tuko wanne, wote wa Dar, tunatafuta njia ya vumbi ya siku mbili tatu kipindi cha Nanenane. Tunataka mto uwe jirani, tupite vijijini na mashambani, na usiku tulale kwenye mji wenye historia yake, siyo gesti ya barabara kuu inayotikisika kila lori likipita. Wawili tuna baiskeli za changarawe, yaani za njia za vumbi, zenye tairi za milimita 40, mmoja ana mtumba wa baiskeli ya milimani, na shemeji yangu ndiyo kwanza anaanza. Kwake kilomita 50 kwa siku ndiyo mwisho.

Nimechuja nimebaki na tatu. Ya kwanza ni Mlandizi hadi Makofia kisha Bagamoyo, kandokando ya bonde la Ruvu. Ya pili, Muheza hadi Pangani, halafu kuvuka mto kwenda Bweni na Ushongo. Ya tatu, kupanda basi hadi Iringa, tufanye kambi mjini na tuzunguke Kalenga, Tosamaganga na bonde la Ruaha Mdogo. Aliyepita huko atupe hali halisi. Picha za mitandaoni zote zimepigwa jua likizama, hata korongo linaonekana zuri.

Tairi Nene
Bagamoyo futa. Ni lami tupu, kilomita 65 za kupumuliwa na mabasi mgongoni. Kama mnataka lami, zungukeni Masaki asubuhi mrudi kunywa chai.

Mzawa wa Makofia
Tairi Nene umekurupuka mkuu. Unaongelea barabara ya Bagamoyo inayopita Bunju. Jamaa kasema Mlandizi–Makofia. Hiyo ni nyingine kabisa, kilomita 36 hivi za moramu, unaanzia barabara ya Morogoro na unatokea kwenye lami ya Bagamoyo–Msata. Mlandizi ndiko kulikojengwa mtambo wa maji wa Ruvu Juu, na Ruvu Chini uko huku kwetu Bagamoyo, kwa hiyo safari nzima mnakuwa mnafuata maji mnayoogea Dar.

Uzuri wake ni wepesi wa kufika. Hakuna kulala njiani wala kubembeleza kondakta, na mkichoka bodaboda zipo. Miinuko ni midogo. Ubaya wake ni vumbi la Agosti, na pia ile migongo-migongo inayotikisa mikono mpaka unasahau breki ziko wapi. Masika msijaribu: bondeni ni udongo mweusi wa mbuga, unajaa kwenye uma wa baiskeli mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo mnabeba baiskeli begani.

Siku ya pili tembeeni Kaole, ni kilomita 5 tu kusini ya mji. Kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Kisha rudini mjini muione misheni ya mwaka 1868, hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipopitishwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Ila nisiwadanganye, njia yenyewe haipiti ukingoni mwa mto. Ruvu mtauhisi kwa ubichi wa mashamba kuliko kuuona.

Kamwene
Iringa, Iringa, Iringa. Mwezi wa nane hakuna mvua, hewa kavu, mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mnateremka asubuhi mpaka Kalenga, kama kilomita 15, mto Ruaha Mdogo uko pale pale na wakulima wanamwagilia mboga. Kalenga ndiko ilikokuwa ngome ya Mkwawa, Lipuli, iliyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Kwenye makumbusho ndogo mtaliona fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mkitoka hapo pandisheni Tosamaganga kwenye misheni ya zamani, mtazame bonde lote kwa juu.

Njia za huku ni udongo mwekundu uliokaza, tairi za 40 zinatosha kabisa. Wakati wa kurudi mjini mtapanda kweli kweli, sifichi. Siku nyingine nendeni Isimila mkaone zana za mawe za kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Sehemu ya njia hiyo ni barabara kuu ya Mbeya, kwa hiyo shemeji apande bajaji hadi pale, msione haya.

Fundi Spoku
Kamwene umesahau baridi. Agosti asubuhi Iringa bila glavu vidole havishiki breki, na watu wa Dar glavu wanazijua kwenye pikipiki tu.

Kingine ni umbali. Dar–Iringa ni kama kilomita 500. Kwa wikendi ndefu ya siku tatu, siku nzima inaishia kwenye basi kwenda na nyingine kurudi. Mtaendesha lini? Iringa ni ya mwenye wiki.

Kamwene
Fundi hapo sibishi. Lakini wakija na wiki nzima nawaonyesha mpaka Mlambalasi, kwenye kaburi la Mkwawa.

Binti wa Bweni
Naona mnaizunguka Pangani tu, ngoja mwenyeji niseme.

Muheza–Pangani ni kilomita 45 hivi, na kwa ujumla mnateremka kuelekea baharini, japo kuna vilima vya kumkumbusha mtu ana mapaja. Mnapita mashamba ya mkonge, michungwa, kisha minazi. Kwa anayeanza hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote tatu zilizotajwa, sababu anateremshwa na nchi yenyewe. Mji wa Pangani uko mdomoni mwa mto. Mnafika, mnaegesha baiskeli, mnakula samaki, jioni mnakodi mashua mpande na mto katikati ya mikoko na minazi. Majumba ya zamani yapo, mengine yameanguka nusu, na boma lipo. Bushiri, aliyepigana na Wajerumani, alinyongwa hapa Desemba 1889, wazee bado wanamtaja kama jirani yao.

Siku ya pili vukeni na pantoni kuja kwetu Bweni. Upande huu ndiko Kikokwe, ambako mkonge wa kwanza nchini ulipandwa mwaka 1893. Daktari Hindorf, Mjerumani, aliagiza vikonyo (miche) 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, na mashamba yote mtakayopita yametokana na hivyo 62. Kuelekea Ushongo njia inabadilika: mchanga. Punguzeni upepo, na penye mchanga mzito shukeni msukume, hakuna anayewacheka. Msiendelee kusini na baiskeli mkidhani mtatokea Bagamoyo. Huko mbele ni Saadani, hifadhi ya taifa, na simba hajui nani mtalii.

Mwendambio
Dada Binti wa Bweni, ahsante sana. Miiba je? Mkonge unanipa wasiwasi.

Binti wa Bweni
Mkonge wenyewe uko shambani, haukufuati barabarani. Adui ni mbigili pembezoni mwa njia, hasa mkikaa pembeni kupisha gari. Na ncha za majani ya mkonge yaliyodondoka kwenye trela. Ikiingia ubavuni mwa tairi, kiraka hakisaidii.

Fundi Spoku
Hapo nitie neno. Mwenye tyubulesi (tairi zisizo na tyubu) aongeze maji ya kuziba kabla ya safari, ya zamani yanakuwa yamekauka kwa joto la Dar na yeye hajui. Abebe na tyubu moja ya akiba hata hivyo. Ubavu ukichanika, weka kipande cha boksi la maziwa ndani ya tairi, au noti iliyokunjwa, ndipo uingize tyubu. Mtu wa kilo 75 na tairi ya 40, psi 35 hivi kwa moramu. Mchangani shuka hadi 28. Shemeji msimbebeshe mzigo, na mwenye baiskeli ya milimani tairi zake ndizo zitakazomfurahisha kule Ushongo kuliko zenu.

Kuhusu basi: toeni gurudumu la mbele, lazeni baiskeli upande wa gia ukiwa juu, na kile kimkono cha gia cha nyuma kifungeni kwa boksi. Pale ndipo mabegi ya watu yanapoangukia. Kinachopinda ni kile kipande chembamba kinachoshika gia, na cha kwako fundi wa Muheza hatakuwa nacho. Bebeni cha akiba. Bei ya mzigo mpatane kabla buti halijafungwa.

Sabaki Moja
Jirani zenu wa Malindi tunasoma tu kimya. Mkimaliza hizo, vukeni Horohoro mje huku. Mnatoka Malindi, mnavuka daraja la Sabaki, Mambrui, halafu mnapinda ndani kwenda Marafa kwenye yale makorongo ya Nyari. Murram safi, lakini jua ni kali mno, saa nne muwe mmeshafika kivulini. Gede iko kusini, na tangu 2024 imeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Boda za huku zina kasi, vaeni rangi za kuonekana.

Tairi Nene
Nimesoma, Mzawa wa Makofia nimekuelewa. Ila swali langu kwa wanaoshabikia Pangani: kurudi mnarudi vipi? Kuupanda Muheza tena?

Binti wa Bweni
Hapana kaka. Agosti upepo ni kusi, unatoka kusini. Siku ya tatu mnatoka Pangani kwenda Tanga, kilomita 50 hivi, upepo uko mgongoni. Lami imeshakula sehemu kubwa ya njia hiyo, kwa hiyo hata aliyechoka anafika. Njiani simameni Tongoni, magofu na makaburi ya kale yako hapo kabla ya Tanga mjini. Basi la Dar mnapandia Tanga. Mkija Januari geuzeni safari yote, maana kaskazi itawapiga usoni.

Mwendambio
Basi tumekubaliana. Pangani kwa Nanenane: Muheza, Pangani, Bweni na Ushongo, kisha Tanga kupitia Tongoni. Jumamosi moja kabla ya hapo tutafanya Mlandizi–Makofia kumpima shemeji, na kupima kama begi langu jipya la usukani litastahimili ile migongo-migongo. Iringa tunaiacha mpaka tupate likizo ya maana; Kamwene, usifute posti yako.

Mzawa wa Makofia, siku hiyo unatupokea?

Mzawa wa Makofia
Nitakuwepo. Tokeni Mlandizi saa kumi na mbili na nusu, msisubiri chai. Mihogo ya kukaanga ipo Makofia.

Binti wa Bweni
Na nyie wa Pangani bebeni hela ndogo ndogo za pantoni na mashua. Ukitoa noti ya elfu kumi asubuhi utasubiri chenji mpaka wenzako wafike Ushongo.