Naomba ushauri: kulala kwenye hema Chalbi wikendi hii

Habari zenu wapendwa. Ijumaa tunatoka Isiolo, watu wanne na Land Cruiser moja, tupitie Marsabit hadi Kalacha, tulale siku mbili kando ya jangwa la Chalbi. Nimeingoja safari hii tangu mwaka jana, hata usingizi sipati.

Tumepanga lita 80 za maji. Yatatosha kwa joto lile? Zipu ya hema inakwama katikati, na nasikia upepo wa usiku hung'oa vigingi.

Linalonitia hofu hasa ni mvua iliyonyesha juzi. Chalbi ikilowa, juu utaona chumvi imekauka nyeupe, kumbe chini ni tope, na gari letu ni moja tu. Tuahirishe, au tutafute mwenyeji wa kutuongoza? Mliowahi kupita huko, nisaidieni tafadhali.