Msaada: "arrive" inafuatwa na at, in, au to?

Binti Chamwino:
Habari za jioni wakuu. Nimeitwa usaili wa mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dodoma mjini, na kuna sehemu ya kuzungumza na mgeni kwa Kiingereza. Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024, hoteli zinataka watu wanaoweza kumuuliza mgeni habari za safari bila kubabaika. Mimi nakwama kwenye "arrive". Kitabu kimoja kina arrive at, kingine arrive in, kaka yangu anashikilia arrive to. Na "reach" inatumika wapi? Naombeni mifano ya hapahapa kwetu, kazi hii naihitaji sana. Nawasilisha.

Mwalimu wa Hombolo:
Hongera dada. Arrive to iache, si Kiingereza sanifu. Ukitaja mji au nchi, weka in: *They arrived in Dodoma.* Ukitaja mahali penyewe mtu anaposhukia au kuingia, kama stesheni, stendi, hoteli, weka at: *The bus arrived at Nanenane*, yaani stendi ya mabasi hapa Dodoma. Home, here na there hazitaki kihusishi: *She arrived home.*
Kinachotuponza ni "fika" yetu. Tunasema nimefika Kondoa, basi. Mtu akihamisha hivyohivyo anapata *I arrived Kondoa*.

Mzee wa Stendi:
Mwalimu, mbona ratiba nyingine zimeandikwa *Arrive Dodoma*, halafu saa?

Mwalimu wa Hombolo:
Kweli mzee wangu, lugha ya ratiba hukata maneno. Ila mbele ya mgeni asikate.

Mama Kolo:
Mdogo wangu, mimi natembeza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo, haya maneno ndiyo yanayonilisha. Reach haina kihusishi: *We will reach Kolo before noon.* Lakini inataka kitu mbele yake. Huku kwetu wengi huuliza *When did you reach?*, ila kwenye usaili sema *When did you arrive?* Kwa mazungumzo ya kawaida get inapendeza zaidi: *How did you get here?*
Reach ina kazi nyingine utakazokutana nazo hapo mapokezi. Kumpata mtu kwa simu: *You can reach us on this number.* Na mkono kufika kwenye kitu: *I can't reach the key.*

Mpenda Lugha:
Arrive ilipita Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni Kilatini *ripa*, yaani ukingo wa maji. Zamani ilihusu chombo cha majini kufika ufukweni. Leo hata uamuzi unafikiwa: *arrive at a decision*, au *reach a decision*. Zote sahihi.

Binti Chamwino:
Asanteni sana jamani. Nimetunga hivi: *Welcome. When did you arrive in Dodoma? Did you get here by train? You can reach to us at any time.*

Mwalimu wa Hombolo:
Ya mwisho toa to. Nyingine ziko sawa. Usaili ni lini?