Miti ya barabarani Malindi inaisha, pa kulalamika ni wapi?

Mtoto wa Maweni:
Jamani watu wa Malindi, hii miarubaini mikubwa ya kando ya barabara tunaimaliza kwa nini? Juzi natoka kazini nakuta msumeno unalia, ule wa pale steji ya bodaboda ushalazwa, matawi yamefunga njia, mama wa mahamri amehamisha karai anapika juani leso kichwani. Namuuliza kijana wa msumeno nani kawatuma ananiambia "barabara yapanuliwa", basi. Hakuna notisi wala mkutano wa mtaa. Kuna sheria yoyote au ndo tunyamaze?

Fundi Kabro:
Ndugu mi nafanya hizi kazi. Mti mwingi haufi siku ya msumeno, ushakufa kitambo. Kwanza unachimbwa mtaro wa bomba la maji, mizizi ya upande mmoja yote yaenda na sururu, halafu twaja sisi twapanga kabro, haya matofali ya saruji ya njia, mpaka shinani kabisa, maji ya mvua hayana pa kuingilia, na wenye vibanda nao wanachomea takataka hapo hapo. Juu kunaanza kukauka, siku tawi linaangukia tuktuk nyinyi wenyewe ndo mnapiga kelele ukatwe. Kuacha duara la mchanga kuzunguka shina si kazi, ila lisipokuwa kwa mchoro kontrakta hakuachii, kila mita ya kabro ni pesa yake.

Msema Kweli:
Mi napinga kidogo. Mwarobaini asili yake Bara Hindi, na kwenye misitu yetu ya pwani umekuwa kero, ndege na popo wanasambaza mbegu unaota mpaka ndani ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Ukatwe tu, upandwe mkwaju au mbambakofi.

Bi Shela:
@Msema Kweli huo mbambakofi utatupa kivuli mwaka gani mwanangu? Na mbona mikungu nayo yakatwa, ile ilikosa nini? Zamani watoto wakitoka madrasa wanaokota kungu wanavunja kwa jiwe wanakula kokwa, sasa ni lami tupu na joto hili. Pandeni huo wenu kwanza, ukishakua mje na msumeno.

Mzee wa Faili:
Sheria zipo. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 42 inakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuonyesha umepata hasara wewe binafsi. Korti ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Malindi, huna haja ya kupanda matatu. Miradi mikubwa ya barabara hutakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira chini ya sheria ya 1999, kwa hivyo andika barua NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, uombe ripoti, na uwahi, mti ukishalala utashitaki kisiki. Ule mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, wa barabara ya Waiyaki Way Nairobi mwaka 2020 uliponea hivyo, watu walipiga kelele ungali umesimama mpaka rais akaagiza uachwe.

Mtoto wa Maweni:
Shukran mzee. Kuna mkwaju mbele kidogo ushapigwa alama ya rangi nyekundu, barua naiandika leo usiku. Fundi, hiyo michoro huwekwa wapi, mwananchi wa kawaida akiomba anaonyeshwa?

Fundi Kabro:
Muulize foreman saiti asubuhi kabla jua halijakuwa kali, huwa anayo kwa gari. Usiende na kelele, nenda na simu upige picha.