"Tariff" iwe ushuru kila mahali?

Wa Mji wa Kale: Wenzangu, mimi napinga hii tabia ya kusikia "tariff" la Kiingereza na kukimbilia kulitafsiri "ushuru". Ushuru ni kodi. Kile kitabu cha "tariff" cha Mamlaka ya Bandari pale Kilindini, Mombasa, ni orodha ya malipo ya huduma: kupakua kontena, kulihifadhi likishapita siku za bure. Hiyo ni bei. Ukitaka ushuru nenda forodhani, ukute viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki: malighafi 0, bidhaa za kati asilimia 10, zilizokamilika 25, na tangu Julai 2022 baadhi yake 35. Mwingereza kaviita vyote jina moja. Sisi tuna majina mawili, twajinyimia nini?

Kwenye stima ndiyo balaa. Huko "tariff" ni bei ya uniti kulingana na matumizi. Wa uniti 30 kwa mwezi halipi sawa na mwenye friji na AC. Ukimwambia mama wa Kisauni ushuru umepanda, atawalaumu KRA, watoza kodi wa serikali, bure. (VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, imo kwenye tokeni za stima, naam, lakini hilo ni jambo jingine.)

Wa Majengo: Tuseme "tarifu", yaishe. Neno limetoka Tarifa, mji wa Hispania walikotozwa wenye meli. Watu wa bandari kama sisi latufaa.

Wa Mji wa Kale: Hadithi tamu, ila si kweli. Mji ule una jina la Tarif ibn Malik, aliyevuka bahari kutoka Afrika mwaka 710. "Tariff" ni Kiarabu cha kujulisha, kikapitia Kiitaliano na Kifaransa hadi kwa Waingereza, karne ya 16. Mzizi huohuo ndio uliotupa "taarifa"! Nao "ushuru" asili yake ni fungu la kumi, kwa hiyo tangu hapo ni kodi tu.

Wa Likoni: Asili hainitolei mzigo bandarini. Sisi wa kliaringi twasema tarifu na twaelewana.

Wa Mji wa Kale: Nyinyi mwaelewana. Mwenye gari lililotoka Japani je? Aona malipo ya kuhifadhi, adhani serikali yamkamua, kumbe ni yeye kachelewa na makaratasi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha rasmi. Basi aandikiwe aelewe.

Wa Likoni: Haya, na zile pesa za kampuni ya meli, kontena likichelewa kurudi? Si bei wala si ushuru.

Wa Majengo: Hiyo ni faini, bwana.

Wa Likoni: Faini bila korti?