Zawadi za Krismasi zisizoacha taka: natoka Tabora kwenda Ujiji kwa treni, naomba ushauri

Kinara_Isevya
Habari za jioni wadau. Krismasi hii tunakutana Ujiji, watu wazima tisa na watoto sita. Kila mwaka sikukuu ikiisha, shimo la taka linajaa karatasi za kung'aa na midoli ya plastiki iliyovunjika, kisha vyote vinachomwa. Safari hii nataka zawadi za kuliwa, za kutumika hadi ziishe, au za kupandwa. Bajeti ni 200,000 kwa wote. Nimewaza asali, mishumaa ya nta ya nyuki na miche ya matunda. Ndiyo kwanza Novemba imeanza, muda upo. Nianzie wapi, na nikwepe nini?

Mzinga_Miombo
Mkuu, asali uko nayo mlangoni. Nunua kwa wafugaji nyuki wanaovuna masega yaliyozibwa na nyuki kwa nta tu. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha, utaona povu juu na harufu ya pombe. Tumia chupa za kioo za jamu: zichemshe dakika 10, zikauke kabisa, maana hata matone machache ya maji yanatosha kuchachusha. Ikiganda usidhani imetiwa sukari. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, itarudi.

Na tafadhali andika kwenye kila chupa: asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1. Asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti. Kwa watoto sita hilo si la kupuuza.

Fundi_Nta
Nije kwenye mishumaa, maana ndiko wengi wanakoharibu.

Mshumaa wa sentimita 15, unene wa sentimita 2, unakula nta kama gramu 45. Kilo 1 inatoa mishumaa 20 hivi, lakini ongeza nusu kilo ya kubaki kwenye kopo, kwa sababu nta ikipungua kina mshumaa hauzami wote. Yeyusha kwenye kopo refu lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Ikishika moto, funika kwa mfuniko, usimwagie maji.

Utambi ndio roho ya kazi. Sokota uzi wa pamba nyuzi tatu. Uzi mwingi wa cherehani ni poliesta, nao hauvuti nta. Upime: choma ncha. Pamba inaacha jivu laini kama la karatasi, poliesta inajikunja na kuwa punje ngumu nyeusi. Utambi mwembamba mno unachimba shimo katikati na kuzimika, mnene mno unatoa moshi.

Chovya mara moja, nyoosha utambi ungali wa moto, uache upoe, kisha chovya na kutoa haraka, ukipumzisha dakika moja kila mara, mpaka ufikie unene unaotaka. Joto zuri ni pale nta inapoanza kuganda kidogo pembezoni mwa kopo. Ikiwa ya moto kupita hapo, kila ukichovya unayeyusha tabaka la nyuma na mshumaa haunenepi. Mishumaa mingi ya dukani ni parafini, zao la petroli, kwa hiyo hii ni zawadi yenye maana hasa.

Bibi_Katubuka
Mwanangu, miche usiibebe kwenye treni. Udongo unapukutika, mizizi inakatika. Nunua huku huku Kigoma, na umpe mwenye kiwanja. Mpangaji mche unamtesa tu.

Chukua mwembe uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji, shina nene kama penseli, kiungio kimeshikana, mizizi haijajizungusha chini ya kiriba, ule mfuko wa mche. Shimo sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe 1 la samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Chana kiriba ukitoe chote. Kiungio kibaki juu ya ardhi, kikifukiwa kinaoza. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungio yang'olewe, la sivyo mwembe wa kienyeji utaumeza ule mzuri. Matandazo ya nyasi yasiguse shina, mchwa hawakawii. Maua ya mwaka wa kwanza yakate. Zungushia miiba, mbuzi wa jirani hawajui sikukuu.

Mchikichi ni mzuri, lakini unahitaji mita 9 hadi mwingine, hautoshi uani.

Kinara_Isevya
Shikamoo bibi, nimekuelewa. Na sabuni ya mawese? Na vya kufungia zawadi je?

Fundi_Nta
Sabuni lazima itengenezwe wiki hii, kwa sababu inahitaji wiki 4 hadi 6 za kukomaa. Mawese gramu 1000, kostiksoda gramu 134, maji gramu 330, vyote kwa mizani. Kostiksoda ndiyo inamiminwa kwenye maji, si maji juu yake. Usitumie sufuria ya alumini, inaliwa na kutoa gesi inayowaka. Vaa glavu na miwani. Kama huna mizani ya gramu, nunua iliyokwisha tengenezwa.

Mama_Doti
Vya kufungia: kanga. Doti 1 ina vipande viwili, inafunga zawadi mbili, na kanga yenyewe ni zawadi. Ile mifuko laini inayofanana na kitambaa, iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mingi ni nyuzi za plastiki vilevile. Iepuke.

Mti wa Krismasi wa plastiki kama upo nyumbani, uendelee kutumika. Kuutupa ili kununua kitu kipya hakuokoi chochote. Kama haupo, tawi moja la msonobari lililopogolewa, kwenye ndoo ya mchanga wenye maji, linatosha.

Kwenye treni, chupa zisimame wima kwenye kikapu cha ukindu, kila moja imeviringishwa kanga yake. Mishumaa iwe chini ya kiti, mbali na dirisha lenye jua, la sivyo itafika Kigoma imepinda.