Nataka kunyonywa mafuta ya tumbo, waliopitia naombeni mnieleze ukweli

Mama Wawili:
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 34, watoto wawili, na tangu nimzae wa pili tumbo limegoma kurudi. Nimefanya dayati, nimefanya mazoezi mwaka mzima, kilo 11 zimeondoka, mikono imepungua, uso umepungua, lakini tumbo lipo palepale, nikivaa gauni la kubana watu wananiuliza una miezi mingapi. Inaniumiza sana. Nimeonana na dokta mmoja, tumeongea dakika kumi akanipangia tarehe ya laiposakisheni, na nilivyotoka ndo nikagundua sijauliza kitu. Inauma kiasi gani? Nitakaa siku ngapi bila kazi? Mafuta yanarudi? Na hao wanaosemekana wamekufa, ni kweli? Mume wangu ananisapoti ila naye anaogopa. Wa kuja kunihukumu naomba apite tu.

Tulivu:
Pole dada, hayo maswali ya miezi mingapi nayajua. Mimi nilifanya miaka miwili iliyopita, tumbo na ubavu. Kwanza wanakujaza maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini ili mishipa isinyae usipoteze damu nyingi, kisha wanatoboa vitundu vidogo, wanaingiza mrija mwembamba wanaupeleka mbele na nyuma huku mafuta yanavutwa. Nilikuwa nusukaputi sikusikia kitu, kazi inaanza ukishaamka. Usiku wa kwanza yale maji yalivuja kupitia vitundu, mekundu mekundu, shuka likaloa nikaanza kulia nikidhani natoka damu, kumbe ni kawaida siku moja mbili, wewe tandika mpira na taulo za zamani. Maumivu ni kama umebeba mizigo siku nzima na mwili haujazoea, ukikohoa au ukiinuka kitandani ndo unayapata vizuri. Halafu kitu ambacho hakuna aliyeniambia, uvimbe unashuka chini, sehemu za siri zilivimba zikawa zambarau nikaogopa mno, ila ziliisha zenyewe. Na usipande mzani wiki ya kwanza, nilikuta nimeongezeka sababu ya maji na uvimbe, nikaona nimetupa hela yangu. Kazi ya kukaa nilirudi siku ya nane, nguo ya kubana wiki sita usiku na mchana, umbo lenyewe nililiona mwezi wa nne. Najuta? Hapana. Ila nilitamani kujua haya mapema.

Nesi wa Thieta:
Mdogo wangu, kwenye swali la vifo nisikufiche, vinatokea. Ni nadra, lakini vipo. Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, mafuta yanaweza kuingia kwenye mzunguko wa damu, mrija unaweza kutoboa utumbo, au dawa ya ganzi ikazidi mwilini. Ndo maana dakika kumi hazitoshi kabisa. Rudi umuulize ni mtaalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile au ni daktari tu kaamua, nani atasimamia nusukaputi, ukizidiwa saa nane usiku unapelekwa wapi, na anategemea kutoa lita ngapi maana zikizidi tano kwa mkupuo inabidi ulale hospitali uangaliwe. Mwambie dawa zote unazotumia hata vidonge vya uzazi wa mpango na aspirini, na kama unavuta sigara acha wiki kadhaa kabla. Baada ya hapo usilale tu, tembeatembea humo ndani siku ileile. Ukiona pumzi inakata, kifua kinabana, mguu mmoja umevimba na unauma, homa, au maumivu ya tumbo yanaongezeka badala ya kupungua, usiandike hapa kuuliza, nenda hospitali muda huohuo.

Kaka Mkubwa:
Mafuta yaliyotolewa hayarudi ila seli zilizobaki zinanenepa, ukiongezeka uzito utayaona hata mgongoni. Lakini dada mimi kilichonishtua ni kilo 11 zimetoka na tumbo halijagusika. Mke wangu alikuwa hivyohivyo na haikuwa mafuta, ni misuli ya tumbo iliachana wakati wa mimba. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kichwa kidogo halafu bonyeza vidole katikati hapo kitovuni. Vikizama viwili au zaidi kuna uwazi, na mrija wa kunyonya mafuta hauzibi huo uwazi, hauondoi michirizi, wala haubani ngozi iliyolegea, inaweza hata kuning'inia zaidi. Mafuta ya ndani yanayozunguka utumbo nayo haugusi.

Mama Wawili:
Nimelala sakafuni sasa hivi. Vimezama vitatu. Nimemuita mume wangu naye kajaribu, ni vitatu kweli, na yule dokta hata kitandani hakunilaza!! Nimelia kidogo lakini sijui kama ni huzuni maana mwaka mzima nilijiona mvivu. Nimepiga simu nimeahirisha ile tarehe. Kaka Mkubwa, mkeo alifanyaje, alishonwa misuli au mazoezi yalitosha?

Kaka Mkubwa:
Alianza na fiziotherapia, miezi mitano, uwazi ukapungua hakushonwa. Wengine wanashonwa, inategemea. Muone mtaalamu akupime kwanza, na yale mazoezi ya kuinuka kama unakaa acha kwa sasa mpaka akuangalie.